Puti Juu ya Kutu

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Turwa, Tarime)



Barua ya Katibu ilinitaka nieleze, kwa muda usiozidi nusu saa, namna ya kufufua gari kubwa la zamani la familia, kwa sababu wengi wenu mmeliona lile Peugeot jeupe nililokuja nalo, ambalo limeegeshwa pale chini ya mikaratusi. Nitafanya hivyo. Lakini naomba radhi mapema, kwa maana siwezi kueleza habari za kutu ya gari lile bila kumtaja aliyeificha, na aliyeificha ni mimi.

Gari lenyewe ni Peugeot 404 ya aina iliyoitwa Familiale, yaani ya familia. Ina safu tatu za viti, na kiwanda kiliihesabia watu 7. Wazee waliomo humu ndani wanajua kwamba hesabu hiyo ya kiwanda haikupata kufika Tarime. Marehemu baba yangu alilinunua mwaka 1974 kwa mtumishi mmoja aliyekuwa akihamishwa kutoka Tanga, na gari lilikuwa na umri wa miaka 7. Kuanzia hapo likawa mali ya baba kwa kadi tu. Kwa matumizi lilikuwa la mtaa mzima. Lilipeleka kahawa, lilipeleka wajawazito, lilipeleka maiti. Kila mwanzo wa muhula lilipanda kilima hiki likiwa na matranka juu ya keria na wanafunzi ndani wamebanana kama ndizi katika kichane. Naona vichwa kadhaa vyenye mvi vinaitikia. Nanyi mlipanda, na baadhi yenu nauli hamjalipa hadi leo.

Vijana wataniuliza gari hilo lilikuwa na sifa gani. Sisi tulipokuwa wadogo hakuna aliyehitaji kuuliza. Mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953, yalikuwa yakipita Kenya, Uganda na Tanzania, na Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, mitatu mfululizo. Ushindi wa mwaka 1966 na ule wa 1967 uliletwa na Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na mwenzake Chris Rothwell. Mwaka 1968 yalimaliza mashindano magari 7 tu, mengine yote yakabaki njiani katika matope. Sisi tulikuwa tukitengeneza magari ya waya, na ugomvi wetu mkubwa ulikuwa nani awe Shankland siku hiyo.

Sasa nije kwenye kutu, na hapa naomba walimu wa Kemia wanisahihishe nikikosea. Tulipokuwa kidato cha pili tulifanya jaribio ambalo nadhani linafanywa bado. Unachukua misumari mitatu na neli tatu za kioo. Msumari wa kwanza unauweka katika hewa iliyokaushwa. Wa pili unauweka katika maji yaliyochemshwa, kisha unamimina mafuta juu ili hewa isiingie. Wa tatu unauweka katika maji ya kawaida yenye hewa. Baada ya siku chache ni msumari wa tatu tu ulioshika kutu. Maana yake ni kwamba chuma hakiliwi na maji peke yake, wala na hewa peke yake. Kinaliwa na vyote viwili kwa pamoja. Ukiongeza chumvi, kazi inakwenda mbio zaidi. Niliandika jibu hilo vizuri katika daftari, nikapewa alama zote, na sikulitumia popote kwa miaka mingi iliyofuata.

Gari letu lilikuwa limekaa miaka 7 Tanga, katika upepo wa bahari wenye chumvi. Lilikuja huku milimani likiwa na ugonjwa tayari, ila rangi ilikuwa bado inang'aa. Aidha, fahamuni kwamba gari hili halina chesisi ya kujitegemea kama lori. Nguvu yake imo katika bodi yenyewe, hasa katika sakafu na ile mihimili miwili ya bati, yenye uwazi ndani kama boksi, inayopita chini ya milango kulia na kushoto. Mihimili hiyo ikiliwa, gari limevunjika mgongo, hata kama injini inaimba vizuri namna gani.

Na vumbi letu jekundu nalo lilifanya sehemu yake. Chini ya kila mlango, na chini ya mihimili ile, mna vitundu vidogo vya kutolea maji. Vumbi la changarawe huingia, mvua hulifanya tope, tope hukauka na kuziba vitundu. Kuanzia hapo kila mvua inayonyesha hukaa humo ndani kama katika mtungi. Kutu ya gari, ndugu zangu, huanza ndani na kutoka nje. Siku unapoona kipele kidogo kimeinua rangi, ujue ndani mmekwisha oza. Kinachoinua rangi ni hiyo hiyo kutu, kwani inachukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma ilichokila.

Mwezi Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ulifungwa, mwaka ule ule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Mtu wa Dodoma alisoma habari hiyo gazetini. Mtu wa Tarime aliisikia katika sahani yake na katika gari lake. Spea tulizozoea kuzifuata Migori na Kisumu zikawa ng'ambo. Baadaye ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na baada ya vita dhiki ya kila kitu: mafuta, matairi, hata sabuni. Baba aliliendesha gari lile miaka yote hiyo kwa kuazima viungo kutoka kwa magari yaliyokufa. Vingine vilipatikana, na wala sitasema vilipitia wapi. Wazee wa Sirari wamo humu ndani na wanajua kunyamaza. Lakini bati la kushughulikia bodi halikuwako. Kutu ikala kwa miaka 6 bila kusumbuliwa.

Mpaka ulipofunguliwa mimi nilikuwa nimemaliza shule tangu 1979, nikifanya kazi ya utunza stoo Mwanza. Mwaka 1984 nilikuja likizo. Baba aliniita akanionyesha gari. Akagonga muhimili wa upande wa kushoto kwa kifundo cha kidole, ukatoa sauti ya boksi la karatasi. Akaniambia: "Mura, hili liozee kwangu nikiwa hai? Chukua fedha hizi, tafuta bati zuri, tafuta fundi wa kuchomelea, mkate kilichooza chote." Zilikuwa fedha za kahawa ya msimu mzima. Alinipa mimi kwa sababu mimi ndiye niliyesoma.

Nilikwenda gereji moja, ambayo haipo tena. Fundi aliangalia chini, akasema kazi hiyo ni ya wiki tatu. Likizo yangu ilikuwa imebaki siku 10, na Jumamosi iliyofuata palikuwa na harusi ya rafiki yangu, nami nilitaka kufika na gari linalong'aa. Nikamwuliza fundi kama hakuna njia ya mkato. Njia ya mkato huwa haikosekani. Tulijaza matundu kwa magazeti yaliyosokotwa, tukapaka puti juu yake, tukapiga msasa mpaka ikawa laini kama yai, tukapulizia rangi nyeupe. Kwenye sakafu tulimwaga lami ya moto juu ya bati bovu na kutandika kapeti mpya. Ilichukua siku 3. Fedha zilizobaki nilinunua redio ya kaseti.

Nilimrudishia baba gari. Alilizunguka, akalisifu. Kisha akachutama pale pale upande wa kushoto, akagonga kwa kifundo cha kidole. Nilimwona anasikiliza. Aliinuka, akasema, "Limependeza." Hakusema neno jingine. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba hakutambua. Mtu aliyeishi na chuma kile miaka 10 asitambue?

Miezi minne baadaye mama alikuwa amekaa safu ya kati, upande wa kushoto, wanakwenda msibani Nyamwaga. Gurudumu liliingia shimoni kwa nguvu, naye akakanyaga sakafu ili ajizuie, kama afanyavyo mtu yeyote. Sakafu ikafunguka. Mguu wake ulipita katika lami na kapeti, ukagusa barabara gari likiwa bado linakwenda. Baba alisimama mara moja, na kwa rehema za Mungu mwendo ulikuwa mdogo, lakini kifundo cha mguu kilikwisha vunjika mahali pawili. Mama alichechemea tangu siku hiyo mpaka alipoiaga dunia.

Niliposikia habari nilipanda basi kutoka Mwanza. Nilimkuta amelazwa. Akaniuliza kama nimekula. Baba alikuwa amekaa pembeni. Hakuniuliza chochote, wala hakumweleza mtu yeyote nilichokifanya. Gari alilisukuma chini ya mparachichi nyuma ya nyumba, akaliinua juu ya magogo, na hakuliendesha tena. Nadhani kama angenipiga au kunitukana mbele ya ukoo ningelipa deni langu siku ile ile. Hakunipa nafasi hiyo, nami sikuwa na ujasiri wa kuitafuta. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi kilio kilinifichua, na bado nikaendelea kuficha kwa miaka 27.

Baba alifariki mwaka 2011. Katika kikao cha ukoo ndugu zangu walishauri gari liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwani mnunuzi alikwisha kuja na mizani yake. Hawakuwa na makosa. Gari lilikuwa limeota majani kwenye boneti na kuku walitagia kwenye kiti cha nyuma. Hapo ndipo niliposimama nikasema yote niliyowaambia ninyi sasa, mbele ya mama. Wadogo zangu walinyamaza. Mama alisema alikwisha kujua. Baba alimweleza mara moja tu, usiku mmoja, na akamwomba asinidai. Kisha akasema: "Usiliuze. Litengeneze kama ulivyoambiwa."

Sikuweza kuanza mpaka nilipostaafu mwaka 2016. Kazi ilichukua miaka mitatu na nusu. Nieleze sasa yale niliyojifunza, ili vijana wenye nia wapate mahali pa kuanzia.

Kwanza, usianze na rangi wala injini. Toa viti, kapeti na lami yote, uone ulichonacho. Chukua nyundo ndogo na bisibisi. Gonga kila inchi na usikilize. Chuma kizima hulia, kilichooza hukohoa. Palipokohoa, sukuma bisibisi. Ikipenya, weka alama ya chaki, kisha kata zaidi ya alama mpaka ufikie chuma cheupe. Ukichomelea bati jipya kwenye ukingo wenye kutu, umefanya kazi ya miezi tu.

Pili, kabla ya kukata muhimili wowote, funga kwanza uwazi wa milango kwa vyuma vya muda vilivyochomelewa kutoka nguzo hadi nguzo, na kata upande mmoja kwa wakati. Mimi nilipuuza jambo hili upande wa kulia. Gari liliinama katikati kwa kiasi kisichozidi upana wa kidole, na mlango wa nyuma ukakataa kabisa kufunga. Ilibidi nikate kazi ya wiki sita na kuanza upya. Niliona haya mbele ya kijana aliyekuwa akinisaidia, lakini safari hii sikupaka puti.

Tatu, chomelea kwa vitone vidogo, hapa kimoja na pale kimoja, na uache vipoe. Ukivuta mstari mrefu kwa mara moja, joto hupinda bati jembamba. Tangi la petroli litolewe na kupelekwa mbali kabla ya moto wowote kuwashwa. Hili si la kujaribu.

Nne, palipo na kutu nyepesi ya juu juu, isugue kwa brashi ya waya mpaka ing'oke, kisha paka tindikali ya fosfori, ambayo hugeuza mabaki ya kutu kuwa tabaka gumu lisiloendelea kula. Ikikauka, paka rangi ya msingi yenye zinki, halafu ndipo rangi yenyewe. Zinki huliwa kabla ya chuma, hivyo ni kama askari anayesimama mbele.

Tano, zibua vitundu vyote vya maji, na ndani ya mihimili nyunyizia nta iliyoyeyushwa katika mafuta, kila mwaka kabla ya masika. Mafundi wengi hupaka oili chafu ya injini. Inasaidia kidogo kuliko kutopaka kitu, lakini oili iliyokwisha tumika ina tindikali ndani yake, na inachafua udongo na maji tunayokunywa.

Puti nayo si haramu. Ina kazi yake, nayo ni kusawazisha bonde dogo juu ya bati zima. Ubaya wake huanza pale inapopewa kazi ya chuma.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya mzee aliyekosa shughuli, kwani Probox na Noah zimejaa Tarime. Sikatai. Lakini wenzetu wanajua thamani ya vitu hivi. Tangu mwaka 2003 yamekuwapo mashindano ya Safari ya magari ya zamani, na huvuta watu kutoka nchi nyingi kuja kwenye barabara zetu. Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam yanaonyesha magari ya kale, na watoto wa shule huyatazama kwa hamu. Fundi wa bodi anayejua kukata na kuchomelea kwa uaminifu hatakosa ugali mahali popote duniani.

Gari lilitembea tena mapema mwaka 2020. Nilimfuata mama nyumbani. Alikuwa na miaka zaidi ya 80. Kabla ya kupanda alilizunguka, akagonga muhimili wa kushoto kwa ncha ya fimbo yake. Ukalia. Akapanda safu ya kati, mahali pake pale pale, akakanyaga sakafu mara mbili, akasema, "Haya, twende." Tulikwenda Nyamwaga na kurudi. Alifariki miaka miwili baadaye, nami nashukuru kwamba ile safari ya 1984 tuliimaliza.

Ndugu Mwenyekiti, ningekomea hapo, lakini kuna jambo moja linalotuhusu sote. Kamati yetu imetangaza kwamba michango ya mwaka huu itanunua rangi ya kupaka bwalo na mnara wa tangi la maji, ili shule ipendeze. Ni wazo jema. Leo asubuhi nilifika mapema, na kwa mazoea yangu nilikwenda kugonga miguu ya mnara kwa funguo za gari. Miguu miwili inalia. Miwili iliyo upande wa mabweni inakohoa, na mmoja wake niliutoboa kwa bisibisi bila kutumia nguvu. Juu yake kuna tangi lililojaa maji, na chini yake niliwakuta wanafunzi watatu wamekaa kivulini wakijisomea.

Kwa hiyo natoa hoja, na naomba mwenzangu mmoja aniunge mkono. Bwalo lisubiri mwaka mwingine. Fedha za rangi zikate miguu ile miwili na kuweka mipya, na kuanzia jioni hii tangi litolewe maji na pale chini pafungwe kamba. Nitakuja na mashine yangu ya kuchomelea, na nitawahitaji vijana wanne wa kidato cha tatu watakaokubali kushika brashi ya waya kabla ya kushika brashi ya rangi. Shule haitapendeza sana katika picha ya mwaka huu. Hilo tutalivumilia.